Tatizo Lako Limetatuliwa

Siku ya kuniaga, mlipomaliza keki na soda, mmoja wenu aliniuliza kama ningewaandikia mambo ya kazi yasije yakapotea. Nilisema ndiyo haraka haraka, kama mtu anavyosema ndiyo akiwa amebeba zawadi mikononi na anataka kwenda zake. Sasa nimekaa nyumbani na sina sababu ya kukataa. Vyeo nitaviruka, kwa kuwa vilikuwa vichache na vilikwenda kwa wengine. Mishahara mnaijua. Nitaandika juu ya kazi yenyewe, na hasa juu ya mteja mmoja wa Magunga, maana wengi wenu mlisikia habari zake nusu nusu, na nusu mliyosikia siyo iliyonitoa mimi nje ya gari na kunikalisha kwenye simu.

Nilianza zama ambazo dishi lilikuwa kitu cha kuonyesha wageni. Mtu akiwekewa, majirani walikuja kulitazama kwanza kabla ya kutazama televisheni. Niliripoti ofisi ya Migori nimevaa viatu vya ngozi vilivyong'arishwa. Fundi mkuu, Mzee Marwa, Mkuria wa Kehancha, mtu mfupi mwenye sauti ya chini, aliviangalia viatu vyangu akaniuliza kama nimekosea njia ya kanisa. Kisha akanipa spana mbili, dira, na kipande cha tyubu ya baiskeli. Nikamuuliza tyubu ni ya nini. Akasema, "Utajua mvua ikinyesha."

Kazi ya kwanza ilikuwa kwa mzee mmoja nje kidogo ya mji. Marwa alishika ngazi, mimi nikaweka mguu kwenye kipandio cha kwanza, na mwenye nyumba akatoka nje akiwa na kikombe mkononi.

"Huyu msichana ni wa nani?" akauliza.

"Ni fundi," Marwa akasema.

"Ni Mjaluo?"

"Ndiyo, baba," nikajibu mwenyewe.

"Basi unajua. Hupandi hiyo paa."

Nilijua. Kwetu mwanamke hapandi paa la nyumba. Ni kwer, mwiko, ni kama kumtakia mwenye boma mabaya. Mama yangu alikuwa hajalala vizuri tangu nipate ile kazi kwa sababu hiyo hiyo. Nilishuka nikasimama pale kama mtu aliyefukuzwa kazi kabla ya chai ya saa nne. Marwa hakubishana. Alitazama ua wa yule mzee, akatazama angani, akasema, "Haya, tutachimba." Tukachimba shimo, tukasimamisha bomba la chuma, tukamwaga zege, na dishi likakaa uani kama kuku wa kienyeji.

Hiyo ndiyo ikawa njia yangu. Dishi la kwenye bomba halitoboi mabati, halivujishi, na likisukumwa na upepo unalirekebisha ukiwa umesimama ardhini. Baada ya miaka michache hata wanaume walioniajiri kwa shingo upande walikuwa wanachimba. Watu wakaniita Nyar Dishi, binti wa dishi. Nimeitwa vibaya zaidi.

Mzee Marwa alinifundisha mambo ambayo hamtayakuta kwenye mafunzo ya siku hizi. Waya ukiingia ndani ya nyumba, uache ushuke kidogo kabla ya kupanda kwenye tundu, ufanye tumbo, ili maji ya mvua yadondokee pale chini badala ya kufuata waya mpaka kwenye dekoda. Tyubu ya baiskeli ni ya kufunga maungio. Mkanda wa dukani hupasuka kwa jua. Sisimizi hupenda joto la vifaa, kwa hiyo kabla ya kulaumu setilaiti iliyoko juu huko, fungua kiboksi uone nani amehamia. Kendu Bay ina somo lake peke yake: radi ya ziwani haigongi hodi, na mteja asipozika waya wa kupeleka radi ardhini, utarudi kwake kila msimu wa mvua kumwambia habari mbaya ile ile.

Lakini somo lake kubwa lilikuwa juu ya mdomo. "Usimwambie mtu utakuja kesho," alikuwa akiniambia, "kama ufunguo wa gari hauko mfukoni mwako." Siku zile tuliweza kulishika neno hilo. Mteja akikasirika alikuja ofisini, akagonga meza, akatukana kidogo, akapewa kiti. Kisha tulikwenda naye. Nakumbuka mama mmoja wa Kehancha, muuza nafaka, aliyekaa kwenye benchi letu na gunia lake akisema hatoki mpaka aone mtu ameingia kwenye gari. Marwa alimpa kiti cha mbele.

Marwa alistaafu, akarudi kwao kulima, na muda si mrefu tukaitwa kumzika. Baada yake mambo yakabadilika, ingawa siwezi kusema ni kwa sababu yake. Kampuni iliacha kushughulika na televisheni peke yake, ikaanza kuuza intaneti. Tukasimamisha milingoti juu ya vilima na kuweka antena ndogo nyeupe kwenye nyumba za watu. Benchi la ofisini likaondolewa. Mteja akapewa namba ya kupiga, na kwenye hiyo namba kulikuwa na sauti ya mwanamke mpole na muziki usioisha. Kila lalamiko likapewa tiketi. Bila tiketi hakuna gari, na tiketi ilifunguliwa Nairobi na kufungwa Nairobi. Wale vijana wa kule walipimwa kwa tiketi walizofunga, siyo kwa mitambo iliyopona. Sikuwachukia. Mtu hufanya kile anachopimiwa. Ikifungwa, mteja alipata ujumbe kwenye simu: Mteja wetu mpendwa, tatizo lako limetatuliwa. Nimewahi kuona mtu akisomewa ujumbe huo akiwa amekaa mbele ya rauta yenye taa nyekundu. Alidhani anachezewa na jamaa zake.

Mlingoti wa Magunga ulikuwa chini yangu. Ulisimama kwenye kilima ambacho ukikigeukia upande mmoja unaona mbuga ya Ruma, upande mwingine vilima vya Gwasi. Ulikula stima ya kawaida, na stima ikipotea, ulitakiwa kushikiliwa na betri mpaka irudi. Huko stima hupotea kama mbuzi, kila mara na bila sababu. Betri zilizeeka. Nilipozifungua nilizikuta zimevimba matumbo. Nikapiga picha, nikatuma, nikaomba nyingine. Tiketi ikafunguliwa. Baada ya siku kadhaa ikafungwa, kwa maelezo kwamba mlingoti unafanya kazi. Ni kweli ulikuwa unafanya kazi, kwa sababu stima ilikuwapo. Nikafungua nyingine. Hiyo nayo ikafungwa. Msimamizi wangu wa kanda, Odero, alinionyesha barua pepe alizotuma yeye mwenyewe. Tulikuwa wawili tunaogonga mlango mmoja.

Ndipo nilipokutana na Mwalimu Risper.

Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu, mjane, aliyekatwa mguu mmoja kwa ugonjwa wa sukari. Alikaa kwenye boma la marehemu mumewe bondeni, chini ya kilima chetu, mahali ambapo simu ya kawaida haishiki mtandao ila ukisimama kwenye mlango wa jikoni ukaelekea magharibi, na hapo ni kwa kuongea tu. Aliniita yeye mwenyewe achague antena ikae wapi. Nilipoanza kutafuta mahali pa kuchimba, akacheka.

"Nimesikia habari zako," akasema. "Chimba, nyathina, mwanangu. Mwenye paa ameshakufa, lakini tusimsumbue."

Nilimuuliza anataka intaneti ya nini, maana kwenye fomu kuna mahali pa kujaza, na wengi husema mpira.

"Nataka ya kortini," akasema.

Akanieleza, na nitawaeleza kwa ufupi. Shamba lile lilinunuliwa na mumewe zamani, wakati akifundisha mbali, akamwachia mdogo wake Ouko pesa na kazi ya kwenda kuandikisha. Ouko aliliandikisha kwa jina lake. Kwa maisha yote ya mumewe hakuna aliyeuliza. Mume alipozikwa pale pale uani, Ouko akaja kumwambia shemeji yake atafute pa kwenda. Risper akaenda mahakamani. Hakimu alikuwa ameweka zuio, kwamba shamba lisiuzwe wala kuguswa mpaka kesi iishe. Sasa zamu yake ya kutoa ushahidi ilikuwa inakaribia, na kwa ile hali yake ya mguu, na barabara ile ya Magunga ambayo nyinyi mnaijua, wakili wake alikuwa amemwombea aongee kwa video kutoka nyumbani.

"Kwa hiyo nikianguka kwenye hii mashine yenu," akasema, "nimeanguka kabisa."

Nilimwambia ukweli juu ya betri. Nilimwambia pia kwamba hakuna kampuni nyingine inayofika bondeni kwake, na hilo nalo lilikuwa kweli. Akasema, "Weka tu. Tutaomba Mungu na kampuni ya stima."

Mara ya kwanza kesi ilipoitwa, stima ilipotea asubuhi. Wakili akaomba radhi, hakimu akaahirisha, lakini akasema ni mara ya mwisho. Risper alinipigia akanieleza bila kulalamika, na ule utaratibu wake wa kimwalimu uliniumiza kuliko kama angenitukana. Nilifungua tiketi nyingine ya betri. Safari hii niliandika sababu yote: mteja mlemavu, kesi ya shamba, onyo la hakimu. Odero akapiga simu Nairobi mimi nikiwa nimesimama mezani kwake. Waliahidi. Siku moja kabla ya kesi tiketi ikafungwa, na Risper akapata ujumbe kwamba tatizo lake limetatuliwa. Alinipigia kuniuliza kama ni kweli. Nikapanda kilimani. Betri zilikuwa zile zile, na sasa moja imepasuka.

Asubuhi ya kesi nilikwenda kwake bila tiketi, kwa bodaboda. Nilichukua betri ya gari kutoka kwa fundi mmoja wa Magunga, nikaipandisha kilimani nikaiunganisha, ingawa nilijua haitabeba mtambo wote kwa muda mrefu. Nikashuka bondeni. Risper alikuwa amevaa gauni la kanisani na kofia ya sufi, amekaa kwenye kiti chake cha magurudumu mbele ya meza, kompyuta ya kuazima imewashwa. Jirani yake Jenifa, muuza omena, mama wa makamo mwenye mikono ya kazi, alikuwa amekuja kumpigia kitambaa cha ukutani pasi ili hakimu asione ukuta ulioliwa na mchwa. Tukaona mahakama kwenye kioo. Tukaona kesi za watu wengine zikiitwa. Wakili wake akaonekana, akampungia mkono.

Stima ikapotea. Rauta yake nilikuwa nimeiunga kwenye sola, na taa zake zikabaki kwa sababu ile betri ya gari ilishikilia mlingoti, na nikapumua. Kesi ya mbele yetu ikawa ndefu, mawakili wawili wakibishana juu ya jiwe la mpaka. Wakati wanabishana, hakimu akaganda mdomo ukiwa wazi. Kisha kioo kikawa cheusi.

"Imekwisha?" Risper akauliza.

"Imekwisha, Mwalimu."

"Wapi kuna mtandao wa simu unaoweza video?"

"Juu, kwenye kanisa," Jenifa akasema.

Risper aliiweka kofia yake vizuri, akashika simu yangu kwa mikono miwili. Kutoka bomani kwake hadi kanisani ni njia ya ng'ombe, mawe na makorongo, inapanda. Jenifa alivua leso yake akaifunga mbele ya kiti akavuta kama mtu anayevuta ndama, mimi nikasukuma nyuma. Gurudumu moja liliingia kwenye mtaro tukainua kiti na mtu. Hakuna kati yetu aliyekuwa na pumzi ya kuzungumza isipokuwa Risper, ambaye alikuwa anatazama simu na kusema, "Bado." Tunapanda. "Bado." Mahali pamoja alisema, "Imekuja," tukasimama, akasema, "Imeondoka," tukasukuma tena. Niliona damu kwenye kiganja changu na sikujua imetoka wapi.

Tulipofika kwenye ukuta wa kanisa ujumbe ulianza kuingia kwenye simu mfululizo, kama mahindi yanayomwagwa. Nikafungua mahakama. Kulikuwa na kesi nyingine, watu wengine kabisa. Risper alinyoosha mkono hewani, kama mtoto darasani, akaushikilia pale. Karani wa mahakama akamwona baada ya muda, akamuuliza namba ya kesi. Akaitaja.

"Mama, hiyo ilishaitwa," karani akasema. "Imetupwa."

"Niko hapa," Risper akasema.

"Ilishatupwa, mama. Ongea na wakili wako."

Wakili alipiga simu baadaye kidogo. Hakimu alikuwa amesubiri, akaita kesi, akaiweka kando, akaiita tena. Wakili wa Ouko akasimama akasema mdai amepewa nafasi mara mbili na hana nia na kesi yake. Mimi simlaumu hakimu. Yeye alikuwa na kioo, na kwenye kioo hapakuwa na mtu. Risper alisikiliza mpaka mwisho, akasema asante, akanirudishia simu. Kurudi chini kulichukua muda zaidi kuliko kupanda, kwa sababu hakuna aliyekuwa na haraka.

Wakili alisema kesi inaweza kufufuliwa tukithibitisha kwamba mteja wake alikuwa tayari na mtandao ndio uliomwangusha. Aliandikia kampuni. Kampuni ikajibu kwa lugha nzuri kwamba siku hiyo hapakuwa na tiketi yoyote iliyo wazi kwa mlingoti wa Magunga, na pasipo tiketi hapana tatizo lililorekodiwa. Wakili akanipigia akaniuliza kama niko tayari kula kiapo kwa yale niliyoyaona.

Nilikwenda kwa Odero kwanza. Sikwenda kuomba ruhusa. Nilikwenda kwa sababu tulifanya kazi pamoja miaka mingi. Alifunga mlango.

"Awuor, dada yangu," akasema, "ukiapa hiyo kitu, mimi sitaweza kukutetea."

"Ulipanda kile kilima mwezi ule. Uliona betri?"

"Niliona."

"Zilikuwa zimepona?"

"Wewe unajua."

"Basi kama si mimi, apa wewe."

Watoto wawili wa Odero walikuwa sekondari, mmoja akikaribia kwenda chuo. Nilijua majina yao.

"Mimi siwezi," akasema.

"Najua. Ndiyo maana nimekuja kukuambia, siyo kukuuliza."

Nikaapa. Hakimu akakubali, kesi ikarudishwa. Siku hiyo Jenifa alinipigia akilia kwa furaha, na kwa muda mfupi nilidhani kazi yetu yote, waya na mabomba na mashimo tuliyochimba, imefika mahali inapokwenda.

Lakini kesi ilipotupwa, zuio nalo lilianguka. Sikulijua hilo mpaka wakili aliponieleza. Katika zile wiki ambazo karatasi zilikuwa zinazunguka, Ouko alikuwa na hati yenye jina lake na hakuna amri ya kumzuia. Akaukata upande wa chini wa shamba, ule wa kijito, ndiko Risper alikolima mboga na kupanda miti mumewe angali hai, akauuza. Mnunuzi aliulizia kwenye ofisi za ardhi, akaambiwa hakuna kesi. Alikuwa ameambiwa ukweli.

Mimi nilihamishwa. Sikufukuzwa, kampuni haikuwa na ujinga huo. Walinipa kiti, spika za masikioni na kioo, nikawa mmoja wa wanaojibu simu kwa kanda yetu, pale pale Migori. Wakanipa na karatasi ya maneno ya kusema. Sikuruhusiwa kusema hapana, wala hatujui, wala betri. Niliruhusiwa kusema tunalishughulikia. Mimi niliyelelewa na Marwa nilikaa pale miaka yangu ya mwisho nikiwaambia watu wa Kehancha na Kendu Bay na Mbita kwamba mafundi wako njiani, huku nikiwaona mafundi wenyewe wamekaa uani wakicheza bao kwa kukosa gari. Wengine walinitambua sauti. "Si wewe ni Nyar Dishi?" walikuwa wakiuliza. "Kwa nini usije wewe?" Hapo nilirudia maneno ya karatasi, na muda wa simu ukiwa unahesabiwa.

Siku moja alipiga mwanamume mwenye adabu, muuguzi, alisema, anayejenga Magunga. Alitaka kuunganishiwa. Nikamuuliza mahali. Akasema bondeni, chini ya kilima cha mlingoti, karibu na kijito, kuna boma la mwalimu mmoja mstaafu kwa juu yake.

"Umenunua hapo?" nikamuuliza, na hilo halikuwa kwenye karatasi.

"Ndiyo, mama. Nimeweka akiba miaka mingi. Watu wa hapo hawanisalimii sana. Sijui nimewakosea nini. Lakini niambie, mtandao wenu huko ni wa kutegemea?"

Nilitaka kumchukia na sikuweza kupata pa kumshika. Nikamwambia betri za mlingoti ni mbovu na kwamba stima ikipotea atakaa gizani. Akanishukuru, akasema atafikiria. Simu zile hurekodiwa, kama mnavyojua, nikaitwa nikapewa onyo, na onyo hilo liko kwenye faili yangu mpaka leo. Mkiliona, ndilo hilo.

Baada ya kustaafu nilikwenda Magunga kumwona Mwalimu Risper. Sikuwa nimethubutu kabla ya hapo. Hukumu ilikuwa imetoka: nyumba, kaburi la mumewe na upande wa juu ni vyake; upande wa kijito ulinunuliwa kwa nia njema, utabaki kwa aliyenunua. Nilimkuta kibarazani. Mbele yake, pale ambapo zamani uliona miti mpaka kijitoni, kulikuwa na ua wa nguzo mpya na waya, na visiki. Antena yangu bado ilisimama kwenye bomba lake. Alikuwa ameacha kulipia, akawa anaanikia nguo hapo.

Alikuwa amekonda. Jenifa alituletea chai, akatuacha. Tuliongea habari za afya kwanza, za wajukuu, za mvua. Nilitaka kumwomba radhi kwa niaba ya watu wasiomjua, nikaanza, akanikatiza kwa kiganja.

"Wewe ulisukuma," akasema. "Hayo mengine yaache."

Nikamuuliza ilikuwaje siku alipotoa ushahidi, maana sikuwapo. Akasema walikodi gari wakamlaza kiti cha nyuma, na barabara ilimtesa hata akatapika mara mbili kabla ya lami. Walimbeba kumwingiza kortini. Alikuwa amekariri yote usiku kucha: mwaka waliooana, jina la aliyewauzia, mti upi ni mpaka na nani aliupanda.

"Ukayasema yote?"

"Hapana. Maelezo yangu ya maandishi walikuwa nayo tayari. Hakimu aliniuliza jina langu, nikamwambia. Akaniuliza ninaishi wapi. Nikasema, naishi kwangu. Akaandika. Wakili wa Ouko akasema hana swali. Alichokitaka Ouko alishakiuza."

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu, nyathina." Akageuza kikombe chake kwenye kisahani. "Waliponitoa nje, dereva wetu alikuwa bado hajamaliza chai."